Kuwania tuzo ya biashara ya kitaifa ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo kamili, kuanzia nyaraka hadi siku ya majaji

Kila mwaka wafanyabiashara wa huku kusini huniletea fomu za tuzo za kitaifa zikiwa zimebaki siku tatu dirisha lifungwe. Wabanguaji wa korosho wa Newala, wenye mashamba ya chumvi Lindi, mafundi samani wa Masasi, akina mama wa mwani wa Kilwa. Biashara zao nazijua, na bidhaa za baadhi yao zipo jikoni kwangu. Matokeo yakitoka, wengi hawamo hata kwenye mchujo wa kwanza.

Nimezirudia fomu hizo moja moja, na kosa ni lilelile. Zimejaa sifa, na nyuma ya sifa hakuna karatasi. "Bidhaa zetu ni bora." "Tunapendwa na wateja." "Tumekua sana." Jaji anayesoma maneno hayo huenda hajawahi kufika Tandahimba, ana rundo la fomu mbele yake, na hawezi kutoa alama kwa jambo asiloweza kulihakiki. Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja inayorudi kila hatua: kila sentensi ya fomu iwe na karatasi yake.

Nitatumia mfano wa kiwanda kidogo cha kubangua korosho wilayani Newala. Kiwanda hicho na takwimu zake nimevitunga ili hesabu ionekane. Wewe weka zako.

Vitu vya kuandaa kabla hujagusa fomu

Vikusanye vyote kwanza. Anayejaza fomu huku akitafuta vyeti hujikuta ameandika majibu mafupi kwa sababu akili yake iko kwenye kabati la nyaraka.

Nyaraka za biashara:
- Cheti cha usajili kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, iwe ni jina la biashara au kampuni.
- TIN, na cheti cha TRA kinachoonyesha huna deni la kodi, kiwe cha mwaka huu.
- Leseni ya biashara ya halmashauri yako, isiyoisha muda.
- Kwa wanaozalisha: cheti cha TBS (shirika la viwango) cha bidhaa, na cheti cha OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) cha mahali pa kazi.
- Kama umeajiri: uthibitisho wa michango ya NSSF na usajili WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi.

Nyaraka za hesabu:
- Hesabu za miaka mitatu. Kampuni ilete zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu.
- Taarifa za akaunti ya benki, pamoja na za lipa namba ya simu kama wateja wako hulipa huko.
- Risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi), daftari la mauzo, daftari la manunuzi, daftari la mishahara.

Ushahidi wa kazi:
- Picha, barua za wateja, mikataba, oda, vyeti vya mafunzo ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) au ya TARI Naliendele (kituo cha utafiti wa kilimo, Mtwara).
- Bidhaa tatu au nne zilizofungashwa vizuri, za sampuli.

Vifaa: kompyuta au simu nzuri, mtu mwenye skana (steshenari yoyote ya mjini wanayo), barua pepe unayoifungua kila siku, na faili moja gumu la kuwekea nakala.

Anza wiki nane kabla ya siku ya mwisho. Cheti kimoja kikiwa kimeisha muda, wiki mbili zinaweza kwenda kwa kukifuatilia tu.

Hatua ya 1: Chagua tuzo, kisha uikague

Tuzo si moja. Shirikisho la Wenye Viwanda, CTI, huandaa Tuzo ya Rais ya Mzalishaji Bora wa Mwaka. Chama cha Waajiri, ATE, kina tuzo ya mwajiri bora. NBAA hutoa tuzo kwa hesabu zilizoandaliwa vizuri kuliko zote. TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara, hushindanisha waonyeshaji wa Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Kwetu huku, Nane Nane ya kanda ya kusini hufanyika viwanja vya Ngongo, Lindi, nayo ina washindi wake.

Kila moja hupima kitu tofauti. Mwenye kiwanda chenye watu 12 na vitabu visivyokaguliwa akienda kwenye tuzo ya hesabu, amepoteza muda. Mtu huyo huyo akianza na banda zuri Ngongo, akapata cheti, mwaka unaofuata cheti hicho kinakuwa kielelezo kwenye fomu kubwa zaidi. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huo, na sijaona aliyeujutia.

Sasa tahadhari, na naomba hapa usome polepole. Kuna ujumbe unaokuja kwenye simu: "Hongera! Biashara yako imechaguliwa kuwania tuzo ya kitaifa." Hukuomba, hukujaza chochote, na aya ya tatu inakutaka ulipie meza ya chakula cha jioni au kifurushi cha udhamini. Mama mmoja wa Mtwara mjini alitoa fedha zilizokuwa za kununulia vifungashio, akapewa kikombe cha kioo na picha. Kikombe kipo dukani. Hakuna benki wala mnunuzi aliyewahi kumuuliza habari zake.

Kabla ya kulipa hata shilingi, uliza maswali haya:
- Mwandaaji ni nani, na amesajiliwa? Jina lake litafute BRELA.
- Vigezo na alama zake vimetangazwa?
- Majaji wanatajwa kwa majina na kazi zao?
- Mshindi anapatikana kwa majaji au kwa kura za simu? Za kura hushinda mwenye wafuasi wengi mtandaoni, na kielelezo hakina kazi humo.
- Ukikosa kununua meza, bado unaweza kushinda?

Ukikosa majibu mawili kati ya hayo, piga hodi ofisi ya TCCIA (chemba ya biashara, viwanda na kilimo) au SIDO ya mkoa wako, waulize kama wanaijua tuzo hiyo. Ada ya kushiriki peke yake haina ubaya, tuzo kadhaa za heshima huitoza. Tatizo ni pale ushindi unapouzwa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi moja yenye jina la tuzo, siku ya mwisho, vigezo vyote na alama za kila kigezo. Ibandike ukutani.

Hatua ya 2: Ingia kwenye kipengele chako

Watu wengi hukimbilia kipengele kikubwa kwa sababu jina lake lina fahari. Huko utapimwa pamoja na viwanda vya saruji.

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inagawa hivi: biashara ndogo sana ina watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, ndogo ina watu 5 hadi 49 na mtaji wa zaidi ya milioni 5 hadi milioni 200, ya kati ina watu 50 hadi 99 na mtaji wa zaidi ya milioni 200 hadi milioni 800, juu ya hapo ni kubwa. Idadi ya watu ikikuweka kundi moja na mtaji ukakuweka jingine, sera inasema mtaji ndio unaoamua.

Hili linatugusa sana sisi wa korosho. Kiwanda kinaweza kuwa na wanawake 60 wanaobangua na kumenya kwa mikono, huku mashine zake zote hazifiki milioni 100. Kwa sera hiyo, hicho ni kiwanda kidogo. Hata hivyo mwandaaji anaweza kuwa na mgawanyo wake mwenyewe, kwa hiyo soma wa kwake kwanza.

Ukihesabu wafanyakazi, tenganisha wa kudumu na vibarua wa msimu. Ukiandika "wafanyakazi 60" na NSSF inaonyesha majina 9, jaji ataona uongo hata kama hukukusudia. Andika: "Wa kudumu 9, wa msimu 51, kati ya Oktoba na Machi." Sentensi hiyo inasimama yenyewe.

Hatua ya 3: Majina yafanane

Hii ni fupi na imewatoa watu wengi kuliko unavyodhani. Toa vyeti vyote, vipange mezani, soma jina la kila kimoja kwa sauti.

Cheti cha BRELA kina neno "Enterprises" mwishoni, leseni haina. TBS wameandika jina la bidhaa pale ulipodhani ni jina la kiwanda. Akaunti ya benki ina jina lako wewe. Lebo ina jina la nne kabisa. Kwako wewe yote ni kitu kimoja. Kwa mhakiki hizo ni biashara nne, na tatu kati yake hazikuomba tuzo.

Kinachorekebishika, rekebisha. Kisichowahi, andika barua ya ukurasa mmoja inayoeleza uhusiano wa majina hayo, iwe na sahihi na muhuri, uiambatanishe. Wenye kampuni wahakikishe pia ritani za mwaka zimewasilishwa BRELA.

Angalia lebo hasa. Mambo ya usalama wa chakula yalihamia TBS kutoka iliyokuwa TFDA mwaka 2019. Lebo yenye jina la TFDA hadi leo inamwambia jaji kwamba hujaigusa tangu wakati huo. Kama una bakodi ya GS1 Tanzania inayoanza na 620, hakikisha imechapwa vizuri na inasomeka kwa mashine.

Hatua ya 4: Hesabu, kwa shilingi na kwa kilo

Fomu nyingi huuliza ukuaji wa miaka mitatu. Wengi huweka mauzo ya shilingi peke yake, kisha jaji anayeijua korosho anatabasamu. Anajua bei hupanda na kushuka kila mnada. Mauzo yanaweza kuongezeka bila wewe kubangua hata kilo moja zaidi.

Tuchukue kiwanda chetu cha Newala. Mwaka wa kwanza kilibangua tani 12 za korosho ghafi, kikapata kilo 2,640 za korosho iliyobanguliwa, sawa na asilimia 22. Kiliuza kilo kwa shilingi 25,000: jumla milioni 66. Mwaka wa tatu kilibangua tani 20, kikapata kilo 4,600, asilimia 23. Kikauza kwa shilingi 28,000: jumla milioni 128.8.

Kwa shilingi kimekua asilimia 95. Kwa kilo kimekua asilimia 74. Tofauti hiyo ni bei.

Andika zote mbili. Ukisema mwenyewe kwamba sehemu ya ukuaji imetokana na bei, jaji anaamini zile asilimia 74 bila kusita. Na huna haja tena ya nusu ukurasa wa maelezo ya ziada.

Kuna kipimo kingine ambacho wabanguaji hukisahau: asilimia ya korosho zinazotoka nzima. Nzima huuzwa bei ya juu, vipande bei ya chini, kwa hiyo mtu aliyetoka asilimia 58 hadi 71 ameongeza kipato bila kununua gunia la ziada. Huo ni ufundi, na ndio jaji anautafuta. Kwenye chumvi kipimo chako kinaweza kuwa magunia kwa kila sehemu ya kuvunia. Kwenye mwani, kilo kavu kwa kila kamba. Kwenye samani, siku kati ya oda na kukabidhi.

Mwaka ukishuka, usiufiche. Eleza sababu kwa sentensi mbili na ulichofanya baada ya hapo. Barabara kuu ya kusini ilikatika Mei 2024 eneo la Somanga, wilayani Kilwa, wakati wa mvua na kimbunga Hidaya. Kama mzigo wako ulikwama, sema ulikwama siku ngapi, mteja gani aliahirisha, na tangu hapo akiba yako Dar es Salaam ni ya wiki ngapi.

Tahadhari moja kubwa: takwimu za fomu zifanane na ulizopeleka TRA. Usikuze mauzo kwa ajili ya tuzo wakati ritani yako ya kodi inasema kingine. Mbali na kutolewa kwenye mashindano, umejiandikia mwenyewe ushahidi.

Umemaliza hatua hii pale mtu mwingine, mhasibu au mwanao wa kidato cha nne, anapochukua daftari na kikokotoo na kufika kwenye jumla zilezile bila kukuuliza swali.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi kazi inapofanyika

Huku kwetu kazi ina misimu. Mnada wa korosho huanza Oktoba hivi, ufuta huuzwa katikati ya mwaka, chumvi huvunwa kiangazi maana mvua huiyeyusha. Fomu ya tuzo haijui misimu hiyo. Inaweza kufunguliwa wakati kiwanda kimefungwa na meza zimefunikwa turubai.

Kwa hiyo piga picha msimu ukiwa umechanganya, hata kama hakuna tuzo yoyote iliyotangazwa. Chukua hatua zote: korosho zikichemshwa kwa mvuke, zikibanguliwa, zikikaushwa, zikimenywa ngozi, zikipangwa madaraja, zikifungashwa. Wabanguaji wawe wamevaa glovu na aproni kama kila siku. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na jaji wa usalama kazini ataangalia mikono kabla ya kuangalia mashine.

Mambo matatu kuhusu picha:
- Omba ridhaa ya maandishi kwa kila anayeonekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na zaidi ya sheria, ni heshima.
- Mtoto asionekane kwenye meza ya kazi. Najua mama wengi huja na watoto wao kwa kukosa wa kuwaachia, lakini picha haitaeleza hilo. Ukiwa umetenga sehemu ya watoto kupumzikia, piga picha ya sehemu hiyo na uieleze, ni jambo la kujivunia.
- Usitumie picha ya mtandaoni hata moja. Ikigundulika, na zile za kweli hazitaaminika.

Barua za wateja ziombe mapema. Barua nzuri ina tarehe, kiasi walichonunua, tangu lini, na jambo moja mahususi. "Tumenunua kilo 300 kila mwezi tangu Machi, na hatujarudisha hata katoni moja" ina uzito kuliko ukurasa mzima wa "tunawapongeza." Mwambie mteja wako hivyo waziwazi. Hatachukia, atashukuru kujua cha kuandika.

Hatua ya 6: Andika majibu

Hapa ndipo tuzo hupatikana au hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Rudi kwenye ile karatasi ya ukutani. Kigezo chenye alama 30 kipewe nafasi kubwa kuliko chenye alama 5. Nimeona fomu yenye ukurasa mzima wa historia ya mwanzilishi, kigezo ambacho hakikuwa na alama hata moja, na mistari miwili ya ubunifu uliokuwa na alama 25.

Hili ni jibu la aina ninayoipokea kila mara, kwa swali la "Biashara yako imeboresha vipi uzalishaji?":

"Kiwanda chetu kimekuwa kikifanya juhudi kubwa kuboresha uzalishaji kwa kutumia teknolojia ya kisasa na wafanyakazi wenye ari. Tunajivunia kuzalisha korosho bora kabisa zinazokubalika ndani na nje ya nchi."

Lisome kama jaji. Teknolojia gani? Nje wapi? Bora kwa kipimo kipi? Kampuni ya maji au ya matofali ingebadilisha neno moja tu na kulitumia jibu hilihili.

Sasa lilelile, na karatasi zake:

"Mwaka wa kwanza, korosho 42 kati ya kila 100 zilivunjika wakati wa kubangua. Tuligundua tulikuwa tunachanganya kubwa na ndogo kwenye chungu kimoja, ndogo zikaiva kupita kiasi. Tulinunua kichujio cha kupanga ukubwa na kuwapeleka wabanguaji 6 kwenye mafunzo ya SIDO. Mwaka wa tatu zilizovunjika ni 29 kati ya 100 (Kielelezo 7: daftari la uzalishaji, Kielelezo 8: risiti ya kichujio, Kielelezo 9: vyeti 6). Kwa kilo 4,600, hizo ni karibu kilo 600 zilizohama kutoka bei ya vipande kwenda bei ya nzima."

Tazama mpangilio wake. Kulikuwa na tatizo lenye namba. Sababu yake ikajulikana. Kitu fulani kikafanyika. Namba ikabadilika. Kisha mabano yanamwelekeza jaji kwenye karatasi. Ukishindwa kuanza, jibu maswali manne kwa sauti, kama unamsimulia dada yako: kilikuwa kibaya nini? Kwa nini? Ukafanya nini? Sasa kikoje? Mwombe mtu ayaandike unapoongea. Watu wetu husimulia vizuri mno, wanapoteza simulizi yao pale wanaposhika kalamu na kutaka kuandika kama ofisi.

Maneno ya kazi yaeleze mara moja. Wewe unajua W320. Jaji wa benki hajui kwamba ni korosho nzima 300 hadi 320 kwa ratili moja. Mstari mmoja unatosha.

Futa maneno haya kila unapoyakuta: "bora," "sana," "kisasa," "mkubwa," "wengi." Palipokuwa na neno, weka namba. Ukikosa namba, sentensi nzima itoke. Fomu itafupika, na hilo ni jema, maana kikomo cha maneno kinabana na kwenye fomu nyingi za mtandaoni ukikizidi maandishi hukatwa katikati.

Swali la mchango kwa jamii liandike kwa uangalifu uleule. "Tunasaidia wanawake" haitoshi. Wanawake wangapi kati ya wote, wanalipwa kwa kilo au kwa siku, wastani wa msimu ni kiasi gani, wangapi wamerudi msimu wa pili. Kurudi kwa wafanyakazi ni ushahidi ambao hakuna barua inayoweza kuushinda.

Jibu limekaa sawa pale ambapo ukifunika jina la kiwanda, mtu wa Newala anaweza kulitambua.

Hatua ya 7: Kama fomu ni ya Kiingereza

Andika kwanza kwa Kiswahili hadi uridhike, kisha mpe mtafsiri. Ukianza moja kwa moja kwa lugha usiyoiota usiku, utaandika unachoweza kusema, na utaacha ulichotaka kusema.

Mtafsiri akimaliza, kaa naye mpitie namba moja moja. Nimekuta "milioni 128.8" ikawa bilioni, na "korosho ghafi" ikatafsiriwa kama iliyobanguliwa, jambo lililofanya tani 20 zionekane kama maajabu. Mwombe pia asiongeze sifa. Watafsiri wazuri wana tabia hiyo, wanadhani wanakusaidia.

Hatua ya 8: Tuma siku tano kabla ya siku ya mwisho

Majibu yaandike kwenye faili la kompyuta kwanza, ndipo uyabandike kwenye fomu. Kurasa za fomu hujifunga zenyewe ukikaa sana, na umeme ukikatika unaanza upya.

Vielelezo viwe vya PDF, vipewe namba na jina: "07 Daftari la uzalishaji." Faili likizidi ukubwa unaoruhusiwa, steshenari watalipunguza. Lifungue tena baada ya kulipunguza uone kama muhuri bado unasomeka.

Siku tano si za kubahatisha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari ziliharibika na intaneti ikayumba nchi nzima. Aliyekuwa anasubiri usiku wa mwisho hakuwa na la kufanya. Na kama wanataka sampuli za bidhaa, zipe safari ya basi la Dar es Salaam wiki nzima, ukiwa na namba ya atakayepokea mzigo huko. Masika ongeza siku.

Baada ya kutuma, hifadhi picha ya skrini yenye tarehe na barua pepe ya kuthibitisha. Isipokuja ndani ya saa 48, piga simu. Bila uthibitisho, hesabu kwamba hujatuma.

Hatua ya 9: Majaji wakipiga simu au wakija

Mama mmoja wa Masasi, mwenye kiwanda ninachokiheshimu, alipigiwa simu na jaji mimi nikiwa nimekaa pembeni yake.

"Shikamoo mama. Msimu uliopita mlibangua kiasi gani?"

"Marahaba mwanangu. Nyingi mno, hata ghala lilijaa."

"Kama tani ngapi hivi?"

"Wee, zilikuwa nyingi."

Tani zake zilikuwa 31 na zilikuwa kwenye fomu. Hakuwa amezikariri, maana fomu aliijaza kijana wake. Simu ilikwisha upesi.

Kwa hiyo mwenye biashara ajue namba kumi za fomu yake kwa kichwa: tani, kilo, mauzo, faida, wafanyakazi wa kudumu, wa msimu, wanawake, mteja mkubwa, asilimia ya nzima, mwaka wa kuanza. Ziandike kwenye kadi, iweke karibu na simu. Fanyeni mazoezi jioni, mtu awe jaji.

Wakija wenyewe, usipake rangi ukuta wala kukodisha mashine. Fagia, panga, hakikisha kizimamoto hakijaisha muda na sanduku la huduma ya kwanza lina vitu ndani. Mwache mfanyakazi aeleze meza yake mwenyewe. Jaji akimwuliza mbanguaji kwa nini anapanga ukubwa kabla ya kuchemsha, naye akajibu bila kukutazama wewe, umepata alama ambazo fomu isingeweza kukupa.

Ukiulizwa usilolijua, sema utalitafuta, na utume jibu siku hiyohiyo. Faili gumu lenye nakala zote liwe mezani, namba za vielelezo zikifuata zile za fomu.

Zawadi usiwape. Maji, korosho za kuonja na kiti vinatosha. Bahasha, hata ya nauli, inaweza kukutoa.

Hatua ya 10: Matokeo yakitoka

Ukishinda, soma masharti ya kutumia nembo ya tuzo kabla ya kuichapa kwenye lebo. Nyingi zinataka mwaka uonekane pembeni yake. Nakala ya cheti peleka benki unakokopa, kwa wanunuzi wako watatu wakubwa, na kwa afisa biashara wa halmashauri. Wafanyakazi waonyeshwe kikombe siku ya kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ukikosa, andika barua fupi ya heshima kwa waandaaji ndani ya wiki mbili, ukiomba alama zako kwa kila kigezo au walau maoni ya majaji. Si wote hujibu. Wakijibu, maoni hayo yabandike juu ya ile karatasi ya ukutani, kisha pitia faili: kielelezo gani hakikuwepo, na kinapatikana mwezi gani wa msimu ujao. Kama ni picha za kubangua, weka ukumbusho kwenye simu, wiki ya pili ya Novemba, saa mbili asubuhi, mwanga wa jua ukiwa bado unaingia dirishani.